Mahindi Saba Barazani

Hindi la kwanza alilila akicheka. La pili alilila huku akijibu mzaha, punje zimemjaa shavuni, na watu waliosimama mbele ya baraza ya ofisi ya tawi wakapiga makofi. La tatu Hamza Mwabeti alilichovya mwenyewe katika sufuria ya pilipili, akalizungusha mpaka likawa jekundu lote, akampa Shangazi mkononi na kumwambia, "Kula, mtani, mali yako hiyo." Akala. Alipofika la nne akaomba maji. Hamza akawageukia watu: "Mbondei anaomba maji jamani, apewe?" Na watu, wakubwa kwa wadogo, wakaitikia kwa pamoja, "Asipewee!" Mimi nilikuwa miongoni mwao. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeshika kapu tupu, na mimi niliitikia. La tano machozi na kamasi vilikuwa vinamtiririka. La sita alikuwa hatafuni tena, anasukuma tu kwa kidole. La saba ndilo lililompalia. Alishika koo, akatoa macho, akaanguka chali juu ya saruji akipiga visigino. Tukacheka. Naandika tena ili lisipotee: tukacheka. Tulidhani anaigiza, maana alikuwa hodari wa kuigiza, na maana aliyekuwa akimlisha alikuwa mtani wake.

Kwa asiyekuwa wa Tanga labda nieleze kidogo. Wadigo na Wabondei ni watani. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako, atakunyang'anya kofia kichwani, atakuja msibani kwenu ajilaze njia ya jeneza lisipite mpaka apewe chochote, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Nimekua hivyo na naupenda utani mpaka leo. Misiba yetu ingekuwa mizito mno bila hao watu. Lakini nataka ieleweke kwamba siku ile, barazani, hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema utani umeishia wapi na kitu kingine kimeanzia wapi. Aliyejua ni mmoja tu, na ndiye aliyekuwa ameshika mahindi.

Shangazi yangu Rukia amefariki mwaka huu, kwa kifua. Siku ya arobaini yake Hamza alikuja. Siku hizi anaitwa Alhaji, ana kanzu nyeupe pee na fimbo yenye kichwa cha fedha, na vijana humpisha mkekani. Nilikuwa nimebeba sinia la pilau naingia nalo ukumbini nikasikia sauti yake: "Huyu marehemu, bwana, siku moja nilimlisha mahindi saba na pilipili yake mwenyewe! Saba! Mbondei alilia kama mtoto." Ukumbi mzima ukacheka, hata vijana ambao siku ile walikuwa hawajazaliwa. Mmoja akamuuliza, "Na hakukasirika, Alhaji?" Akajibu, "Akasirike vipi, na mimi mtani wake?" Akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kilemba. Nikaliweka sinia mbele yake. Nikarudi uwani. Kesho yake nikanunua daftari la shule, na haya ndiyo niliyoandika. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo mtanisamehe mwandiko. Habari yenyewe msinisamehe.

Mwaka wa mahindi hayo saba nilikuwa nakaa na Shangazi Makorora, katika nyumba ya udongo na bati ya Bi Mwanasha, mama wa Kidigo aliyekuwa na vyumba vitano vya kupangisha na mdomo mmoja uliowatosha wapangaji wote. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kabla ya uwani. Kitanda cha kamba kwa Shangazi, mkeka kwangu, na katikati khanga kuukuu iliyofungwa kwenye misumari, tukaiita ukuta. Dirisha lilikuwa dogo la mbao, na ukilifungua ulikuwa unaingiwa na moshi wa majiko yote ya uwani, ukajua nani anapika nini na nani hapiki kitu. Wengi walikuwa hawapiki kitu. Ulikuwa mwaka wa unga wa yanga, ule wa njano wa meli, uliokuwa ukivimba sufuriani na kunuka gunia. Sabuni hakuna, tukifua kwa majani ya mpapai. Sukari hakuna, tukinywa chai ya rangi huku tukitafuna kipande cha muwa, funda la chai, tafuno la muwa, na Shangazi akisema hivyo ndivyo wanavyokunywa masultani. Duka la ushirika tulikuwa tukipanga foleni kwa mawe. Kila mtu na jiwe lake lenye alama, unaliweka alfajiri unaenda zako, ukirudi unalikuta limesogea. Jiwe letu lilikuwa na mchirizi wa masizi ya sufuria. Najua watu leo wanacheka wakisikia hayo. Na mimi hucheka. Nikifumba macho, chumba kile chenye moshi ndicho nikionacho kwanza kabla ya nyumba yoyote niliyokaa baadaye, na zimekuwa nyingi, na nyingine zina vigae.

Kilichotuweka hai ni mahindi ya Shangazi. Alikuwa akichoma mahindi njia panda, karibu na ofisi ya tawi, na watu walikuwa wakitoka hata mtaa wa Usagara kuja kuyala. Siyo yale ya kupakwa ndimu na chumvi, ambayo kila mtu anajua kuyafanya. Yake yalipikwa mara tatu. Kwanza aliyachoma nusu, kwa moto wa vifuu, mpaka punje zikaanza kuwa na madoa. Kisha akayatoa akayapaka rojo lake. Kisha akayarudisha motoni mpaka rojo likachemka juu ya punje likashika, likatoa ile harufu inayomfanya mtu asahau alikokuwa anakwenda. Halafu akayapaka tena, akayafunga ndani ya maganda yake yenyewe, ukapewa. Rojo hilo nilijifunza kulifanya kabla sijajifunza kushona kifungo. Unachukua pilipili mbuzi unazichoma kwenye majivu mpaka ngozi ijikunje. Unatwanga na kitunguu thomu na chumvi ya mawe. Ukwaju umeulaza maji tangu jana, unaukamua. Nazi unaikuna, tui la kwanza unaliweka kando usilisogezee moto. Unapika ukwaju na pilipili peke yake kwanza, mpaka uone mapovu yamekuwa mazito na mekundu, na hapo ndipo unapotia tui, kidogo kidogo, huku unakoroga upande mmoja tu. "Ukikoroga huku na huku linakatika," Shangazi alikuwa akiniambia, "likikatika ni kama ugomvi, halirudi." Embe bichi likipatikana analikwaruza anatia mwishoni kabisa. Na brashi ya kupakia hakuwa nayo. Alifunga kishada cha katani kwenye kijiti, katani ile ile ya mashamba, na kila Ijumaa alifunga kipya.

Na alikuwa na sauti. Sijui nieleze vipi. Harusi yoyote ya Makorora ilikuwa haianzi mpaka Rukia afike, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo na wenziwe wakipokea. Pale njia panda alikuwa akiita wateja kwa sauti hiyo hiyo: "Ya motoo, ya tuii, ya kulia na kuchekaa!" Ilikuwa inafika mpaka sokoni. Wanaume waliokuwa wakipita kwa baiskeli walikuwa wakipunguza mwendo.

Hamza wakati huo alikuwa katibu wa tawi la chama. Kijana wa miaka thelathini hivi, shati la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni, na cheko lililokuwa linamtangulia njiani. Kila siku akitoka ofisini alipita kwenye jiko letu akanyakua hindi bila kuuliza, maana mtani ana haki hiyo.

"We Mbondei mla mafenesi, umeniwekea langu?"

"Lako liko kwa mama yako," Shangazi anamjibu bila kuinua kichwa. "Mdigo gani wewe unakula mahindi ya watu, huko kwenu hamna nazi za kulamba?"

"Hili bichi."

"Bichi ni meno yako. Rudisha basi."

"Nimeshaliuma!"

"Basi umeshaoa. Lete mahari."

Watu wakiangua vicheko. Mimi nikimwamkia, "Shikamoo Bwana Hamza," naye anasema, "Marahaba mtani mdogo, huyu shangazi yako atakuja kuniua." Nilimpenda. Sioni haya kusema. Alikuwa akitupa habari za duka la ushirika kabla ya wengine, kwamba kesho kuna chumvi, kesho kuna mafuta ya taa, na jiwe letu likawa mbele. Bi Mwanasha, mama mwenye nyumba, na yeye Mdigo, ndiye pekee aliyekuwa hampendi. "Utani wa yule una kucha," alimwambia Shangazi siku moja uwani akikosha mchele ambao Mungu ndiye anayejua aliutoa wapi. "Mimi nikikutukana nakuachia kitu. Yeye akikutukana anaondoka na kitu." Shangazi akamwambia ana wivu wa kizee. Bi Mwanasha akamrushia maji ya mchele.

Kisha mahindi mabichi yakapigwa marufuku. Mvua zilikuwa mbaya, na amri ikatoka juu kwamba hakuna kuuza wala kusafirisha mahindi mabichi. Yaachwe yakauke shambani yawe chakula cha mwaka. Kwa kweli amri yenyewe sikuiona mbaya. Nani asiyejua kwamba mtu mwenye njaa atavuna kabla ya wakati? Wakaweka kizuizi barabara ya Muheza, mgambo na boriti moja iliyolalia mapipa mawili, na akina mama waliokuwa wakija mjini na matita ya mahindi vichwani wakanyang'anywa. Jiko letu likalala. Siku ya kwanza tulikula yanga. Siku ya pili tulikula yanga na pilipili. Siku ya sita Shangazi alilala ameelekea ukutani, hajaimba tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nyuma ya khanga najifanya nimelala usingizi wa mchana nilipomsikia Hamza anabisha hodi mlangoni.

"Karibu, mtani. Leo huna hata utani?" hiyo ni sauti ya Shangazi, imechoka.

"Leo nimekuja na kazi." Kiti kikalia. "Yapo mahindi. Mazuri. Kila asubuhi utayapata nyumbani kwangu, uwani. Umtume Zaina." Zaina ni mimi.

Kisha Shangazi: "Na marufuku?"

"Marufuku ni ya wengine. Wewe uko mbele ya ofisi yangu, nani atakugusa? Wewe unapika, na mimi napata changu, na mke wangu anapata chake. Tutaishi."

"Yametoka wapi hayo mahindi, Hamza?"

"Aa, mtani. Ukiuliza sana hutakula."

Nikasikia inzi juu ya sufuria. Halafu Shangazi akasema maneno ambayo nimeishi nayo, na simfichi kwa sababu amekufa: "Siulizi. Nikiuliza nitashindwa kupika."

Kwa hiyo kila asubuhi baada ya sala mimi ndiye niliyekwenda. Uwani kwa Hamza, nyuma ya choo, kulikuwa na magunia. Mengine yalikuwa bado yamefungwa kwa vipande vya khanga za akina mama waliokuwa wameyabeba, kila fundo na rangi yake, kwa sababu mtu wa kijijini hufunga mzigo kwa alama yake ili asiupoteze sokoni. Mke wa Hamza alikuwa akinijazia kapu akafunika majani ya mgomba. Nilijua. Mtoto wa miaka kumi na sita anajua. Lakini nilikuwa nikirudi nyumbani, Shangazi anawasha vifuu, rojo linaanza kuchemka, na chumba chote kinajaa harufu ile, na yeye anaanza kuimba taratibu akipepea, na mimi nakaa kizingitini namenya, hindi la kwanza ni langu, la moto mpaka linaunguza midomo, tui linanichuruzika mpaka kiwikoni. Ndiyo miezi ya raha kuliko yote niliyopata kuishi. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Raha yenyewe ilikuwa ya kweli.

Siku moja alikuja mama mmoja mgeni, miguu ina vumbi mpaka magotini, mtoto mgongoni. Alinunua hindi moja. Alipofungua maganda akaliangalia muda mrefu. Lilikuwa na punje nyekundu zimechanganyika na nyeupe, mbegu ya zamani ambayo huioni mara nyingi. Akasema polepole, kama anayeongea na mtoto wake, "Hili la kwetu." Shangazi akajifanya hakusikia. Mama akasema tena, "Mbegu hii anayo mama mkwe wangu tu, kule kwetu. Walituchukulia yote pale kizuizini." Shangazi aliinuka. Alichukua mahindi mengine mawili, akayapaka, akayafunga, akampa, akamwambia, "Chukua mama, ya mtoto." Na yule mama akala mahindi yake mwenyewe amesimama juani, machozi yakamshuka, nadhani ya pilipili, akasema, "Mungu akuzidishie, dada." Alipoondoka Shangazi alizima jiko. Jioni alimwambia Hamza hataki tena. Hamza akacheka. "Utaacha ukishiba," akamwambia. Akanyakua hindi akaenda zake. Asubuhi yake Shangazi alikaa sana kitandani, kisha akaniambia niende kwa Hamza kama kawaida. Nikachukua kapu nikaenda. Wala sikumwuliza.

Haikupita wiki mbili. Ilikuwa saa tano asubuhi, mahindi yako motoni, Hamza akatoka ofisini anakimbia. Cheko hakuwa nalo. Aliinama kwa Shangazi akamwambia kwa haraka, na mimi nilikuwa karibu nikasikia kila neno: "Mkubwa wa wilaya anakuja sasa hivi na mgambo. Kuna mtu amesema mahindi ya kizuizini yanachomwa mbele ya tawi. Toa haya mahindi."

"Nikayatupe wapi?"

"Hakuna pa kutupa, gari liko hapo sokoni." Akatazama kapu. Yalikuwa yamebaki saba, pamoja na yaliyokuwa jikoni. Nikaona uso wake unabadilika, kama taa iliyopandishwa utambi, na lile cheko likarudi, kubwa kuliko siku zote. Akayatupia ya jikoni ndani ya kapu, akalinyakua kwa mkono mmoja na sufuria ya rojo kwa mwingine, akapanda barazani, akayamwaga mahindi, akanirudishia kapu tupu, akapaza sauti: "Jamani njooni muone! Leo Mbondei anakula mali yake mwenyewe! Mtani, panda juu!"

Shangazi akapanda. Hilo ndilo watu husema: alipanda mwenyewe, alikuwa anacheka. Ndiyo, alipanda. Alielewa kwamba mahindi lazima yaishe, na alidhani wataokoana, atakula yeye mawili, Hamza mawili, watu wamalizie. Hata alijibu, "Lete! Mbondei hashindwi na hindi, anashindwa na sura yako tu." Kijana mmoja alinyoosha mkono apewe moja, Hamza akampiga kofi la mzaha mkononi: "Ya mtani wangu hayo, usimnyang'anye riziki." Hapo ndipo ningepaswa kuelewa. Kama yakiliwa na wengi, wengi wangeulizwa. Yakiliwa na mmoja, anayo yote tumboni, na mwenye magunia hana hata punje.

Gari lilifika alipokuwa kwenye la tano. Yule mkubwa akashuka, jina lake sikulijua, mtu mnene mwenye leso shingoni, akauliza kuna nini. "Ni utani tu, mheshimiwa," Hamza akamwambia. "Tumemkamata na mahindi mabichi, basi mimi mtani wake nikamhukumu kwa mila." Mkubwa akacheka mpaka akashika kiuno. Alisimama pale akamtazama Shangazi akila la sita na la saba. Angeweza kusema basi. Neno moja tu. Alipoanguka, mkubwa alisema, "Wanawake wa Kibondei wana maigizo," akaingia ndani ya gari.

Aliyepasua watu ni Bi Mwanasha. Sijui nani alimwita. Alikuja kifua wazi, khanga imemdondoka njiani, akatusukuma, akamgeuza Shangazi kifudifudi akampiga mgongoni kwa ngumi, akamtia vidole kooni, punje zikatoka na damu. Akamnywesha tui bichi. Kisha akainuka akamtazama Hamza, akamwambia kwa Kidigo maneno ambayo sitayaandika, na mwisho akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Usiuite huu utani. Mimi ni Mdigo. Utani naujua." Namwandika Bi Mwanasha hapa, Mungu amrehemu, ili mtu asije akasema kwamba nawasema Wadigo. Nasema mmoja.

Shangazi alilala hospitali siku tisa. Pilipili iliingia njia ya pumzi, pamoja na punje. Alipotoka, sauti haikuwepo. Ilikuwepo hewa tu, kama mtu anayepuliza moto. Miaka yote iliyobaki alizungumza hivyo, na ukimsikiliza lazima uiname. Harusi hakwenda tena. Alipopita mtaani wako waliokuwa wakisema kwa nyuma, "Huyo ndiye aliyekuwa akiuza njaa ya watu." Nilitaka kwenda kusema. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Alinishika kilemba cha khanga akanivuta mpaka sikio langu likagusa midomo yake: "Ukisema yalitoka kwake, utasema na nani aliyeyapika. Na nani aliyeyabeba." Nikavua viatu. Kwa hiyo katika majina ninayoyaandika, langu limo. Nilibeba, nilikula, niliitikia "asipewe," na nilinyamaza.

Baadaye ikaja ruksa. Wasomi wana jina lake refu; sisi tulisema ruksa. Mawe ya foleni yakabaki mbele ya duka tupu, watoto wakachezea. Sabuni za rangi zikaja kutoka mpakani Horohoro, mitumba, mikate, redio. Mahindi yakawa yanachomwa kila kona na mgambo mwenyewe ananunua. Hamza akaacha kalamu. Akafungua mgahawa Usagara, wa kwanza kuwa na friji, na mezani chupa za rojo jekundu. Nilipita siku moja nikaonja kwa kidole. Ukwaju kwanza, tui mwisho, embe la kukwaruza. Mke wake alikuwa akiniuliza maswali huku akinijazia kapu uwani kwao asubuhi nyingi, na nilikuwa mtoto mwenye kuzungumza, nilimweleza kila kitu. Hamza amewasomesha watoto wake kwa rojo hilo. Amekwenda Makka kwa rojo hilo. Sina ugomvi na Makka. Shangazi kuanzia siku ile hakuonja pilipili, na mahindi akiyaona yanachomwa alivuka barabara.

Najua utakavyojibu, Hamza, kwa sababu umeshajibu, uliwaambia watu ukumbini nilipokuwa nakusanya sahani: kwamba ulimwokoa. Kwamba bila wewe angefungwa, na magereza ya wakati ule hayakuwa mchezo. Nimelifikiria hilo kwa haki yote niliyo nayo. Huenda ni kweli asingelala rumande. Lakini mtu anayemwokoa mwenziwe hula na yeye hindi moja. Hayo ndiyo mahesabu yangu, na ni mafupi.

Basi njoo. Usinitumie mtu, na usije na mchele wala na bahasha. Njoo mwenyewe, Ijumaa yoyote baada ya sala, hapa Makorora, nitawaita wale wale uliowachekesha na watoto wao. Sitakutukana. Sitaki uniombe radhi, radhi alikuwa nayo Shangazi mwenyewe na ameondoka nayo. Nataka usimame mbele yao ujibu, na usilitaje neno utani hata mara moja: mahindi yale yalitoka wapi, na katika yale saba, wewe ulikula mangapi?